Kahawa ya Bukoba inayokaangwa Sinza Kijiweni: nimeinywa, halafu nikaipigia hesabu

Nianze kwa kukiri kwamba mimi kwenye kahawa siyo mtu asiye na upande. Kwetu ni Muleba, ukitoka mlangoni unakutana na migomba na katikati ya migomba ndo kuna mibuni na chini yake maharage, vyote kwenye kibanja kimoja, hakuna shamba la kahawa peke yake limenyooka kama mnavyoona kwenye mapicha. Ada yangu ya sekondari yote ilitoka kwenye ile mibuni. Ila kuinywa kahawa nimeanzia huku Dar, tena Kariakoo, ile ya kikombe kidogo na kashata ya karanga, nyumbani tulikuwa tunakunywa chai. Kwahiyo kama unatafuta mtaalam wa kuonja atakuambia sijui kuna harufu ya machungwa na maua ya yasmini, mi siyo, mi naangalia vitu vingine.

Hiki kiduka hakina jina. Siyo kwamba naficha, kweli hakina, pale nje kuna kibao cha mbao kimeandikwa kwa rangi KAHAWA INAKAANGWA HAPA, basi. Ukishuka Kijiweni pale Shekilango unaingia ndani kidogo, ni fremu moja katikati ya saluni na wakala wa pesa, na kama ni siku ya kukaanga huna haja ya kuuliza, fuata pua. Ndani kuna stuli nne, kaunta, mashine ya kukaangia ya ngoma inayoingia kilo tano, kinu cha umeme cha kusagia na mashine moja ya espreso ambayo kwa kweli imeshachoka, inapiga kelele kama pampu ya maji. Mwenye duka ni dada mmoja hivi, yuko na dogo wa kumsaidia. AC hakuna, kuna feni, na mashine ikiwa inakaanga mchana wa mwezi wa pili jamani mnakaangwa wote.

Bei zao: kikombe cha kahawa nyeusi 3,000, ya maziwa 4,000, pakiti ya robo kilo msimbazi mmoja, nusu kilo 19,000. Kusaga bure. Wanapokea pesa ya simu bila kukuongezea kitu.

Nimeshanunua pakiti tatu. Kahawa ina aina mbili kubwa, arabika na robusta, na hii ni robusta tupu ya Kagera, na hapa lazima niongee kidogo maana kuna watu wakisikia robusta wanakunja uso. Ukienda sehemu za Masaki na Oysterbay utakuta kibao kimeandikwa arabika asilimia mia kana kwamba robusta ni dhambi. Sawa, arabika ina uchachu mzuri na harufu, sikatai. Lakini robusta ina kafeini karibu mara mbili, ni nzito mdomoni, na Waitaliano wenyewe wanaichanganya kwenye espreso zao ili ile povu ya juu ikae vizuri. Sisi Wahaya tulikuwa na kahawa kabla mzungu hajafika, ila hatukuwa tunaikaanga, tulikuwa tunatafuna, buni zinachemshwa na majani zikiwa bado hazijaiva halafu zinakaushwa, mgeni akija anawekewa mkononi. Na hapa huyu dada amenikamata kweli, pale kaunta ana vifuko vya akamwani, vya kutafuna, buku moja. Nimemuuliza nani ananunua akasema madereva wa malori na wazee wa kikwetu wanaoishi Ubungo.

Kuhusu kudharauliwa kuna hii moja huwa nawasimulia watu wanacheka. Wajapani wanaipenda sana kahawa yetu, wanaiita Kilimanjaro, na kwenye kanuni zao za lebo arabika yoyote ya Tanzania inaruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro hata kama imetoka Mbinga au Mbozi, isipokuwa ya Bukoba. Imeandikwa kabisa. Yaani tumebaguliwa mpaka Tokyo.

Haya, ladha. Ni chungu kwa maana nzuri, kuna kitu kama karanga zilizokaangwa zikakaribia kuungua, na kuna ka utamu fulani kanakuja mwishoni ukiwa umeshameza. Nyumbani naichemsha kwenye sufuria na kipande cha tangawizi, inatulia kabisa. Pakiti ya kwanza ilinizingua maana dogo alisaga kubwa mno, chembe kama chenga za mchele, ikawa maji maji. Niliirudisha nikamwambia akasema "kaka ulisema ya sufuria, ya sufuria inasagwa hivyo", tukabishana pale mpaka dada akatoka nyuma akamwambia asage tena. Walisaga tena, ila dogo alinuna. Kosa lingine ni tarehe ya kukaangwa, wanaandika kwa kalamu juu ya pakiti ya nailoni na ukishika na jasho inafutika, pakiti yangu ya pili ilisomeka "Juma" halafu doa. Jumanne, Jumatano, Juma mwenye pakiti, hatujui.

Pakiti ya tatu sasa. Nilifika jioni nikaona pakiti zimewekwa pembeni, nyeusi kuliko kawaida, zina karatasi imeandikwa IMEZIDI MOTO, bei 5,000. Nikauliza. Kumbe umeme ulikata katikati ya kukaanga, ngoma ikasimama, na ngoma ikisimama ile kahawa inaendelea kuungua na joto lililobaki ndani kabla hujaiwahi kuitoa. Kilo tano. Sasa sehemu nyingine hiyo ingepewa jina zuri la kizungu na bei ikapandishwa, huyu kaandika imezidi moto kapunguza nusu. Hapo ndo nikamheshimu, nikachukua moja, nikakaa kwenye stuli, nikaagiza kikombe, nikamuuliza lile swali ambalo nalibeba kila ninapoona kahawa ya pakiti hapa mjini: mkulima hapa anapata ngapi?

Nina sababu ya kuuliza. Mwaka jana nilinunua kahawa kwenye duka moja kubwa la vyakula hapa mjini, jina naliacha, pakiti ya kupendeza ina picha ya mama amefunga kitenge anacheka na chini imeandikwa MOJA KWA MOJA KUTOKA KWA MKULIMA, elfu kumi na nane robo kilo. Nilizungusha ile pakiti pande zote, hakuna msimu, hakuna daraja, hakuna wilaya, na ladha ilikuwa ya kadibodi. Nikajiuliza huyo mkulima alimuuziaje moja kwa moja, maana ninavyojua mimi kwetu haiendi hivyo.

Inaendaje. Mama anachuma, anaanika wiki mbili mpaka tatu kutegemea jua, anapata tunachoita maganda, yaani kahawa iliyokauka na ganda lake. Hiyo anaipeleka AMCOS, chama cha msingi, inapimwa unyevu, inapimwa kilo, anapewa risiti. Tangu mwaka 2018 serikali ilisema kahawa yote ipite kwenye ushirika, mfanyabiashara haruhusiwi kupita nyumba kwa nyumba. Halafu inaenda mnadani, wanunuzi wanashindania, siku hizi kwa mtandao, pesa inaingia benki. Kuna makato humo, ushuru wa halmashauri asilimia 3, kuna ya chama, kuna ya magunia na usafiri. Zamani kidogo walikuwa wanapewa malipo ya awali wanasubiri ya pili na hiyo ya pili unaweza kuisubiri mpaka mtoto amalize muhula.

Sasa hapo kwenye kusubiri ndo butura inapoingilia. Kwa asiyejua, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua. Mwezi wa kwanza mtu hana hela, ada inadaiwa, mgonjwa yuko hospitali, anakuja mtu mwenye pesa zake anaangalia mibuni imetoa maua meupe anasema nakupa kiasi hiki, ikiiva ni yangu. Ba'mdogo wangu mwaka 2019 alichukua laki moja kwa mibuni ya upande wa bondeni. Ilipofika kuvuna yule mtu alitoa pale magunia matano ya maganda, ambayo kwa bei ya wakati ule ya kama 1,200 kwa kilo ilikuwa inafika laki tatu na nusu hivi. Na ba'mdogo ndiye aliyepalilia. Ni marufuku, viongozi wameshaipigia kelele miaka na miaka, ila marufuku hailipi ada ya Januari, na anayekuja na hela mkononi saa mbili usiku hakuulizi fomu wala mdhamini. Magendo ni hivyo hivyo, watu wanavusha kwenda Uganda kwasababu kule unapewa keshi papo hapo, siyo kwamba hawapendi ushirika wao.

Basi dada akanijibu bila kuzunguka. Akasema yeye hanunui kwa mkulima, hawezi, kisheria hawezi na mtaji wa kuingia mnadani kununua tani hana, ananunua gunia mbili tatu za kahawa safi, yaani iliyoshatolewa ganda ila haijakaangwa, kwa mtu aliyenunua mnadani akakoboa. Ndo maana pakiti yake imeandikwa tu ROBUSTA, KAGERA. "Nikiandika moja kwa moja nitakuwa naongopa kaka, mi mkulima mwenyewe sijawahi kumuona." Akanionyesha na gunia, lina karatasi ya msimu na daraja.

Nikamwambia subiri nikuonyeshe mkulima. Nikampigia mama, nikaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini? Mbona saa hizi?"

"Hakuna kitu, niko kwenye duka la kahawa. Wanauza kahawa ya kwetu."

"Wanauza ngapi?"

"Robo kilo elfu kumi."

Kimya. Nilidhani mtandao umekata. Halafu akauliza, "Wamechanganya na nini?"

Dada akacheka mpaka akashika kaunta. Nikamwambia mama hawajachanganya na kitu, imekaangwa tu na kusagwa. Akasema haya, mwambie huyo mwanamke nina debe mbili za maganda ndani hapa nilichelewa kuzipeleka, kama anatuma hela leo kesho nampakilia kwenye basi. Dada akasogea kwenye simu, "Shikamoo mama, natamani, ila wakinikamata nazo njiani ni kesi." Mama akamwambia basi hamna shida mwanangu, fanya biashara.

Usiku sikulala, nikachukua kalamu. Kilo mbili za maganda ukikoboa unapata kama kilo moja ya kahawa safi. Safi ukiikaanga maji yanatoka, inapungua asilimia 15 mpaka 20. Kwahiyo pakiti ya robo kilo imekula kama gramu 300 za safi, sawa na gramu 600 za maganda. Msimu uliopita mama alipata elfu nne na kidogo kwa kilo, tuchukue elfu nne kamili, maana kahawa imepanda dunia nzima, arabika mwanzoni mwa 2025 ilipita dola 4 kwa ratili kule New York na robusta nayo ilipaa. Gramu 600 mara elfu nne unapata 2,400. Kwenye pakiti ya elfu kumi mkulima ana 2,400 kabla ya makato yake. Kwa bei ile ya 2019 angekuwa na 720.

Sasa nenda kwenye kikombe. Kikombe cha espreso mbili kinatumia gramu 18 za kahawa iliyokaangwa, ukirudisha nyuma ni maganda gramu 43, yaani shilingi 170 na kidogo. Pale Sinza kikombe ni 3,000. Kule kwenye migahawa ya sofa na wai-fai kikombe ni 6,000 na 7,000, na ile 170 ni ileile haiongezeki hata senti. Halafu nikamkumbuka mzee wangu wa kahawa pale Kariakoo, anayetembea na birika na vikombe anavigonga ta ta ta. Kikombe chake 200, kwa kukadiria kina gramu nne, maganda gramu kumi kasoro, shilingi 38. 38 kwenye 200! Karibu asilimia 19. Yaani yule mzee ambaye hana lebo wala picha ya mama mwenye kitenge, kwa kila shilingi ninayompa sehemu kubwa zaidi inarudi shambani kuliko kule kwenye sofa ambako haifiki hata shilingi tatu kwenye mia.

Najua mtaniambia kodi ya fremu, luku, mshahara, maziwa, mashine ya mamilioni. Kweli kabisa, wala sisemi wanaiba, ukinunua kahawa ya 7,000 umekodi kiti na baridi na intaneti, hiyo ni biashara halali. Ila usinywe ile kahawa ukadhani unamsomeshea mtu mtoto. Kama hilo ndo linakuuma, nunua pakiti ukachemshe kwako, au kaa kijiweni. Na yule anayeandika moja kwa moja kutoka kwa mkulima atuambie ni AMCOS gani na kilo alinunua shilingi ngapi, mbona dada wa Sinza amenitajia bei yake ya gunia bila hata kuulizwa mara mbili.

Kitu kingine nilichojifunza kwake, kahawa ya Kagera inatofautiana sana gunia na gunia. Kuna watu wanavuna mbichi na mbivu pamoja kwa kuogopa wizi au kwasababu mwenye butura anataka aondoke haraka, kuna wanaoanika chini kwenye udongo, na hiyo ukiikaanga inatoa harufu ya vumbi na uchungu mbaya. Mama anaanika kwenye chanja, miche yake mingine ni ile ya kutoka kituo cha utafiti cha TaCRI pale Maruku inayovumilia mnyauko, maana mnyauko fuzari ulipopita kwetu ulikausha mibuni ya babu yote kama imepigwa moto. Alisubiri miaka mitatu ndo ikaanza kuzaa. Ila kule chamani kahawa ya chanja na ya udongo mara nyingi inamwagwa lundo moja, bei moja, sasa aliyehangaika na chanja anapata nini? Hilo dada naye linamkera, anasema angekuwa tayari kuongeza hela kwa gunia la kuchambuliwa ila halipati.

Kwa wanaotaka kwenda: nendeni Jumamosi asubuhi ndo wanakaanga, saa tatu mpaka saa sita hivi, Jumapili wamefunga. Chukua ambayo haijasagwa kama una kinu, au msimamie dogo wakati anasaga, mwambie laini. Usikae kwenye stuli ya mwisho karibu na mashine. Kahawa ya maziwa sijaipenda, maziwa yao ni ya boksi na yanaua ladha yote, kunywa nyeusi. Zile za IMEZIDI MOTO zikiwepo zichukue kama unaweka sukari nyingi, kwa 5,000 hazina ubaya. Nawapa nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya tarehe inayofutika na kwa dogo kununa.

Ile pakiti ya tatu sikuifungua. Niliipeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi nikaipakia kwenye basi la Bukoba, mama akaipokea baada ya siku mbili. Alinipigia akasema imefika, ameichemsha, ni chungu, kikombe hakukimaliza, iliyobaki amempa ba'mdogo ambaye ameipenda na ameuliza kama nitatuma nyingine. Ila mfuko ameomba asirudishiwe mtu, ni mzuri, una zipu, ameuosha anaweka mbegu za maharage.